Kupanga vipaumbele vya chuo kwa pamoja: maswali yanayojirudia kila msimu wa mpango mkakati

Msimu wa mpango mkakati ukikaribia maswali huwa yale yale, yanatoka kwa wakurugenzi wa mipango, wakuu wa idara, viongozi wa wanafunzi, mpaka yule mhadhiri aliyeteuliwa jana kuwa katibu wa kamati na hajui aanzie wapi. Nimeyakusanya hapa. Mifano mingi ni ya Tanzania maana ndiko ninakofanyia kazi, ila mbinu zenyewe zinatumika popote.

Kwani lazima kuwe na mbinu? Si tunakaa tu, tunajadili, tunakubaliana?

Mnaweza. Ila angalia kinachotokeaga kwenye kikao cha "tujadili tu". Profesa wa siku nyingi anaongea wa kwanza, anakula dakika ishirini, anayefuata anaanza na "naunga mkono hoja ya mzungumzaji aliyetangulia", wa tatu hivyo hivyo, ikifika saa saba watu wanachungulia upande wa chakula na mwenyekiti anasema basi tumekubaliana. Hapo hamjakubaliana, mmechoka tu.

Na sio kwamba watu ni waoga kupita kiasi. Mwanasaikolojia Solomon Asch kule Marekani, miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari wataje upi una urefu sawa na mwingine, kitu ambacho hata mtoto anakiona, ila chumbani alishapanga wenzao wajibu uongo kwa makusudi. Karibu theluthi ya majibu yalifuata ule uongo! Sasa kama mtu anaweza kukubali mstari mfupi ni mrefu mbele ya watu asiowajua, unategemea mhadhiri msaidizi ampinge mtu atakayesaini fomu yake ya kupandishwa cheo?

Halafu kuna tatizo la vyuo vyenyewe. Mwaka 1972 watafiti watatu, Cohen, March na Olsen, walitoa maelezo yao maarufu ya maamuzi ya taasisi, wakavitaja vyuo vikuu kama mfano mzuri, wakayafananisha na pipa la taka: matatizo yanatupwa humo, suluhisho zinazotafuta tatizo zinatupwa humo, watu wanaingia na kutoka, na uamuzi unakuwa chochote kilichogusana na chochote siku hiyo. Mtu ana programu ya kompyuta anataka inunuliwe, anasubiri kikao chochote chenye neno "changamoto". Mnalijua hilo.

Kipaumbele ni nini hasa?

Ni kitu ambacho kwa ajili yake mko tayari kingine kisubiri. Kama hakuna kilichosubirishwa, hiyo mliyonayo ni orodha ya matamanio.

Sawa, nianze na mbinu ipi?

Kama una chumba, siku moja na watu wanaofahamiana vyeo, anza na ile ya kuandika kimya kimya kwanza. Wataalamu wanaiita NGT (Nominal Group Technique), walioitengeneza ni watafiti Delbecq na Van de Ven mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaichapisha 1971, na mpaka leo sijaona inayoipita kwa bei yake, manake inahitaji karatasi na kalamu tu.

Inakwenda hivi. Unatoa swali moja, na swali liwe la kujibika. "Tuboresheje chuo chetu" sio swali, utaletewa hotuba. Uliza hivi: "kwa miaka 5 ijayo pesa na watu wapya waende wapi kwanza?" Dakika kumi hadi kumi na tano kila mtu anaandika peke yake, simu chini, hakuna kunong'ona. Baada ya hapo mnazunguka meza, kila mtu anatoa wazo moja, moja tu, linaandikwa kwenye flipchati kwa maneno yake mwenyewe, zamu inaenda kwa mwingine, mnazunguka tena na tena mpaka mawazo yaishe, na muda wote huo hakuna kuchangia, hakuna kuguna, hakuna "hilo tulishajaribu enzi za amidi aliyepita likashindikana". Yakishaandikwa yote ndipo mnafafanua, yanayofanana mnayaunganisha ila mwenye wazo akubali kwanza. Mwisho kila mtu kwa siri anachagua matano, anayapa pointi, la kwanza 5 la mwisho 1, mnajumlisha.

Meza moja iwe na watu 5 mpaka 9. Mkiwa ukumbi mzima gaweni meza, kila meza ilete matano yake, halafu mnafanya raundi ya pili kwa yale ya meza zote. Na usipange meza kwa idara, wakikaa wenyewe kwa wenyewe watakuletea mahitaji ya idara yao.

Utaambiwa ni kama darasa la chekechea. Vumilia. Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani walishapima mwaka 1958, watu wanne wakifikiri kila mmoja kivyake halafu majibu yakaunganishwa wanatoa mawazo mengi zaidi kuliko wanne waliokaa pamoja wakirushiana mawazo kwa mdomo. Kukaa pamoja kuna faida zake nyingi, ila kwenye kuzalisha mawazo kuandika kunashinda.

VC (Makamu Mkuu wa Chuo) awepo chumbani au asiwepo?

Aje afungue, na kufungua kwenyewe kuwe na kazi. Aseme mipaka: bajeti ya maendeleo inayotegemewa ni kiasi gani, nini sheria au hati idhini ya chuo hairuhusu, na nini tayari kimeshaamuliwa na hakijadiliki. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote, kama jengo limeshasainiwa mkataba waambieni watu wazi, msiwaite siku mbili kuja kupigia muhuri.

Baada ya hapo aondoke, au kama anataka kubaki akae mezani aandike karatasi yake kama wengine na kwenye kufafanua aongee wa mwisho. Wengi wa hao wakubwa wanapenda kusikia ukweli, tatizo ni sisi tunavyowaangalia usoni kabla hatujafungua mdomo.

Delfi ni nini, na inatufaa lini?

Delfi ni kuulizana kwa maandishi, bila majina, raundi kadhaa. Ilianzia RAND, taasisi ya utafiti kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Norman Dalkey na Olaf Helmer wakaichapisha 1963, na swali lao la kwanza lilikuwa la mabomu ya atomiki, wataalamu 7 wakajibu madodoso 5. Kumbe kitu cha vita baridi kikaja kuwa kitu cha kamati za taaluma, dunia ina mambo.

Kinachofanyika: raundi ya kwanza watu wanajibu swali la wazi. Mratibu anakusanya, anarudisha orodha, raundi ya pili kila mtu anapima kila kipengele, tuseme 1 mpaka 9. Raundi ya tatu unamrudishia kila mtu namba ya katikati ya kundi na namba yake yeye, unamwambia unaweza kubadilisha au kubaki, ila kama uko mbali na wenzako tuandikie sababu. Dhahabu iko kwenye hizo sababu, soma hizo kuliko wastani. Mara nyingi mtu mmoja aliyeko mbali anajua kitu ambacho wengine hawakijui, kwa mfano kwamba ithibati ya programu fulani inaisha mwakani.

Inafaa pale watu wako mbalimbali, mfano Chuo Kikuu Huria chenye vituo mikoani, au chuo chenye kampasi tatu ambako kampasi ya makao makuu ndo huwa inaamua kila kitu kwa sababu tu iko karibu na ukumbi. Inafaa pia pale ambapo kuna makundi mawili hayaongei.

Matatizo yake ni mawili. La kwanza watu wanachoka, raundi ya tatu utawakimbiza kwa simu. La pili halisemwi sana: anayeunganisha majibu ya raundi ya kwanza ndiye mwamuzi wa kweli, akilifupisha wazo la mtu vibaya limekufa. Waunganishaji wawe wawili wa pande tofauti, na majibu ghafi yatunzwe mtu akitaka aone. Halafu ile fomu ya mtandaoni hakikisha haikusanyi barua pepe, watu wanaangalia hilo kabla hawajajaza, mmoja akiona tu jina lake linatokea juu habari imesambaa chuo kizima.

Kwenye kuchagua si tunabandika stika tu, lenye nyingi linashinda?

Hapa tukae kidogo, manake ndo panapoharibika na watu hawajui kama pameharibika.

Tuseme kamati ya watu 9, na mambo matatu: hosteli, maabara, intaneti. Watu 4 wanapanga hosteli, intaneti, maabara. Watu 3 wanapanga maabara, intaneti, hosteli. Watu 2 wanapanga intaneti, maabara, hosteli.

Kila mtu na stika moja: hosteli 4, maabara 3, intaneti 2. Hosteli imeshinda, ingawa watu 5 kati ya 9 wameiweka mkiani.

Mwingine anasema hapana, hakuna aliyefika nusu, turudie kwa wawili wa juu. Intaneti inatoka, wale wawili wake wanahamia maabara, maabara 5 hosteli 4. Maabara imeshinda.

Mwingine anasema tutoe pointi, wa kwanza 2, wa pili 1, wa mwisho 0. Hosteli inapata 8, maabara 8, intaneti 11. Intaneti imeshinda! Na ukiishindanisha mmoja mmoja intaneti inaipiga hosteli 5 kwa 4, inaipiga maabara 6 kwa 3.

Watu wale wale, maoni yale yale, washindi watatu. Kwahiyo anayechagua namna ya kuhesabu anaweza kuchagua na matokeo, tena bila kumdanganya mtu yeyote.

Hii ya pointi inaitwa ya Borda, Mfaransa aliyeipigania Paris karne ya 18, na mwenzake Condorcet mwaka 1785 akaonyesha kwamba hata kushindanisha mmoja mmoja kunaweza kuzunguka, A anampiga B, B anampiga C, C anampiga A. Mchumi Kenneth Arrow naye mwaka 1951 akathibitisha kihesabu kwamba hakuna namna ya kuunganisha mipangilio ya watu wengi isiyokuwa na kasoro mahali fulani, kuanzia machaguo matatu na kuendelea. Usikate tamaa lakini. Kwa kamati ya chuo mi napendekeza pointi za Borda, kwa sababu zinapandisha kitu ambacho wengi wanaweza kuishi nacho, na mpango mkakati unatekelezwa na watu wote sio walioshinda peke yao. Ila kanuni yoyote mtakayochukua, iandikeni na kuikubali asubuhi kabla hata wazo moja halijawekwa ukutani.

Stika zina shida nyingine, zinaonekana. Watu wanasubiri wenzao wabandike kisha wanafuata mkumbo. Kura za siri kwenye karatasi, dakika tano, basi.

Kuna mshauri ametuletea AHP na majedwali ya eksel, tukubali?

Inategemea mna vitu vingapi. AHP (Analytic Hierarchy Process) ni mbinu ya Thomas Saaty, miaka ya 1970, unalinganisha vitu viwili viwili kwa kipimo cha 1 mpaka 9, kipi muhimu zaidi na kwa kiasi gani, halafu hesabu inatoa uzito wa kila kimoja, na inakuambia pia kama ulikuwa unajipinga mwenyewe. Uwiano wa kujipinga ukizidi 0.1 unaambiwa rudia. Hicho kipengele nakipenda sana.

Lakini hesabu ya jozi inakua haraka. Vitu 6 ni jozi 15, vitu 10 ni jozi 45, vitu 15 ni jozi 105, na kufika jozi ya arobaini mtu anajaza tatu tatu tatu aende zake. Itumieni kupima vigezo, vinne au vitano, sio orodha nzima. Na mwambieni mshauri aeleze matokeo bila kompyuta, akishindwa mjue hata Baraza halitaelewa.

SWOT je?

Ile ya kuorodhesha nguvu, udhaifu, fursa na vitisho ni maandalizi. Inawaambia mko wapi, haiwaambii mchague nini. Vyuo vingi vinamaliza SWOT siku ya kwanza saa kumi jioni, vinaona kazi imeisha.

Mbona kila tukikaa tunatoka na vipaumbele 14?

Kwa sababu kuongeza hakuna gharama na kukata kuna ugomvi. Angalia na lugha yenyewe: "kuimarisha ubora wa ufundishaji, utafiti na huduma kwa jamii". Hiyo ni kazi yote ya chuo kikuu imewekwa kwenye sentensi moja, ni sawa na kusema kipaumbele chetu ni kuwa chuo. Neno kuimarisha likitokea mara ya tatu simamisha kikao.

Dawa inayofanya kazi ni shilingi mia. Kila mtu anapewa shilingi 100 za kwenye karatasi azigawe kwenye mambo yaliyobaki, na hairuhusiwi kugawa sawa. Mtu aliyekuwa anasema vyote ni muhimu utamuona anaanza kukuna kichwa. Ongeza na sharti jingine: kila anayependekeza kitu aandike chini yake kitu kimoja ambacho chuo kiache kufanya au kicheleweshe ili hicho kiwezekane. Orodha ya kuacha iingie kwenye ripoti, kwa jina, sio ibaki kwenye flipchati inayosahaulika hotelini.

Nani aitwe?

Wasiwe wasomi tupu. Mwite mtu wa uhasibu, mtu wa manunuzi, mtu wa maktaba, mtu wa TEHAMA, fundi mkuu wa majengo ikiwezekana. Afisa manunuzi atawaambia kwa sentensi moja kwa nini hiyo maabara haitakamilika ndani ya miaka miwili, jambo ambalo maprofesa sita wangelijadili mpaka jioni.

Wanafunzi waje na wasiwe mmoja. Rais wa serikali ya wanafunzi akikaa peke yake katikati ya watu anaowaamkia shikamoo atatikisa kichwa tu. Asch aliliona na hili, mtu akipata mwenzake mmoja tu wa kusema tofauti na kundi, kufuata mkumbo kunashuka sana. Leteni watatu wanne, na mmoja awe wa mwaka wa kwanza, huyo ndo bado anakumbuka foleni ya usajili.

Tufanye kwenye grupu la WhatsApp tupunguze gharama?

Hapana. Grupu ni la kutangaza muda wa basi.

Na kujifungia Morogoro au Bagamoyo?

Kujifungia kuna faida moja ya kweli, watu hawaitwi ofisini kila nusu saa. Lakini nusu ya kazi iishe kabla ya safari: takwimu za udahili, hali ya fedha, ratiba ya ithibati, na raundi ya kwanza ya mawazo kwa fomu. Ukifika huko siku zote tatu ziwe za kuchagua. Na posho zilipwe kwa utaratibu unaojulikana mapema, jamani, kikao kinachoanza na mjadala wa posho hakirudi sawa.

Idara zinaogopa zoezi hili ni la kuzifuta. Tuzijibuje?

Kwa ukweli. Kama kufuta au kuunganisha programu kumo kwenye hesabu, semeni. Marekani Robert Dickeson aliandika sana kuhusu kupanga programu kwa vipaumbele, tangu 1999, na vyuo vingi vikaifuata njia yake, na palipowaka moto mara nyingi ni pale ambapo vigezo vilionekana vimetengenezwa baada ya kujua nani anatakiwa aondoke. Kwahiyo vigezo kwanza, uzito wa vigezo kwanza, majina ya programu baadaye. Na idadi ya wanafunzi isiwe kigezo pekee, vinginevyo lugha na hisabati zitaonekana mzigo wakati ndizo zinazobeba kozi za wengine.

Serikali na wafadhili wameshapanga, sisi tunachagua nini?

Ni kweli nafasi sio kubwa. Chuo cha umma kinatakiwa kioane na mipango ya taifa, sasa hivi kuna Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa Julai 2025, kuna TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na masharti yake, na pesa kubwa ya miaka hii kwa vyuo vya umma imekuja na HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ambao ulishaelekezwa kwenye mambo yake tangu mwanzo. Ila Dira inasema mambo mapana, haisemi ninyi mwanze na uvuvi au na uhandisi wa maji. Chukueni malengo ya taifa kama kigezo kimoja cha kupimia mawazo yenu, msiyanakili yakawa ndo vipaumbele vyenyewe. Mpango ambao ukibadilisha jina la chuo kwenye jalada bado unasomeka sawa, huo haujapangwa na mtu.

Tumepiga kura vizuri, Seneti au Baraza wakibadilisha?

Wana haki, kisheria wao ndo waamuzi, kura zenu ni ushauri. Cha kufanya ni kuwapelekea matokeo kamili: pointi za kila wazo, sababu za waliopinga, na orodha ya vitakavyoachwa. Baraza likibadilisha liandike kwa nini, na sababu irudi kwa walioshiriki. Watu wanakubali kushindwa, wasichokubali ni kusoma kwenye kitabu kilichochapishwa kwamba "wadau walishirikishwa" halafu hakuna hata kimoja walichosema.

Turudie baada ya muda gani?

Zoezi kubwa kila miaka 5 linatosha, ila kila mwaka kabla ya bajeti kaeni nusu siku na orodha ile ile mgawe upya zile shilingi mia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mageuzi yake mwaka 1994, enzi za Profesa Matthew Luhanga aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo 1991 hadi 2006, kilikuwa na mpango mkakati wake, na baadaye kikaenda na mipango ya miaka mitano inayosogezwa mbele kadiri mambo yanavyokwenda. Hiyo ya kusogeza ndo inayofaa mazingira yetu. Kenya mwaka 2023 walibadilisha namna ya kufadhili wanafunzi wa vyuo, na chuo chochote kilichokuwa kimepanga mapato yake kwa mfumo wa zamani kililazimika kukaa upya, kipende kisipende. Kwenye hicho kikao cha nusu siku ulizeni na hili: ile orodha ya kuacha ya mwaka jana, tumeacha vingapi? Leteni vocha za malipo mezani, sio ripoti ya utekelezaji.